Sina mtoto wa kupeleka kliniki, mimi nipimwe wapi?

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 28, naishi Rungwe, vijiji vya juu ya Tukuyu. Nauza ndizi, siku ya gulio nateremka nazo Kiwira. Mume wangu ana kashamba ka chai na pikipiki. Mtoto wetu wa kwanza ana miaka 5. Huyo nilimzaa zahanati bila shida yoyote; nilijifungua asubuhi, jioni nikala ndizi nyumbani kwa mama.

Aliyefanya nikuandikie ni wa pili. Mimba ilikuwa na miezi saba na nusu. Miguu ilivimba mpaka kandambili zikakataa kuingia, kichwa kikawa kinagonga, macho yakaanza kuona vimulimuli. Nilidhani ni uchovu wa kubeba mikungu. Nilipofika kliniki wakapima presha, muuguzi akapima tena, kisha akaita mwenzake. Ilikuwa 170 kwa 110. Wakanichoma dawa iliyofanya mwili mzima uwake kama nimekaa jikoni, wakanipakia kwenye gari la wagonjwa. Usiku uleule nikapasuliwa. Alikuwa msichana, kilo 1 na gramu 400. Aliishi siku mbili. Nilimwona mara mbili, zote kwa kupitia kioo. Siku ya tatu maziwa yakaja, mama akanifunga kanga kifuani, akaivuta mpaka nikashindwa kupumua. Hatukuongea.

Hiyo ilikuwa mwezi wa pili mwaka huu. Sasa ni miezi saba.

Baada ya wiki saba nilikwenda kliniki karibu na nyumbani, kwa sababu nilipomzaa wa kwanza mkunga aliniambia wiki ya sita mama naye anaangaliwa. Nikakaa kwenye benchi. Wenzangu wote walikuwa na watoto, wanawavua masweta wawatie kwenye vile visuruali vya mizani. Mimi nilikuwa na mkoba tu. Nilipofikiwa, dada wa mezani alisema bila kuinua uso, "Kadi ya mtoto." Nikasema sina. "Mtoto yuko wapi?" Nikasema amefariki. Akanyamaza kidogo, akasema, "Pole sana. Basi nenda ukapumzike, ukishika mimba nyingine uwahi kuja." Hakunipima presha, wala hakuangalia mshono. Simlaumu sana, foleni ilikuwa imetoka mpaka nje. Lakini njia nzima nilikuwa najiambia: kumbe miaka yote hii nilipokuwa nakwenda kliniki, mkoba nilikuwa mimi.

Sasa kichwa kimerudi. Duka la dawa pale gulioni kijana alinipima, 150 kwa 96. Wiki mbili baadaye, 152 kwa 98. Akaniuzia kaptoprili, nimeze asubuhi na jioni. Nameza nikikumbuka. Mume wangu hajui.

Na nyumbani kuna mama mkwe. Anasema mwanamke akipoteza, anajaza upesi, ukikaa sana tumbo linasahau. Kila mwezi anaangalia kamba ya nguo kama nimeanika vitambaa. Baba mkwe siwezi hata kumtaja kwenye jambo hili, unajua mila zetu Wanyakyusa, nikimwona njiani mimi ndiye ninayeingia migombani. Mume wangu akiulizwa anasema "Mungu atajalia", anatoka. Hatutumii njia yoyote.

Shangazi, naruhusiwa kushika mimba sasa? Je, kuna kliniki ya mwanamke asiye na mimba na asiye na mtoto mchanga? Na kitu cha mwisho: karatasi ya ruhusa niliyopewa hospitali ninayo, imeandikwa Kiingereza cha daktari. Kinachosomeka ni mwishoni tu, 6/52. Mimi nilijua ndiyo presha yangu ya siku ile, nikafurahi kwamba imeshuka. Yule kijana wa dawa alicheka, akasema mtu mwenye presha ya 6 kwa 52 ameshazikwa.

Ndaga fijo.
Mama wa Wawili, Rungwe

JIBU

Marahaba, Mama wa Wawili. Nimeona ulivyosaini. Wako wawili, na anayekuhesabia mmoja hesabu yake ina kasoro.

Naanza na 6/52, maana imenikalisha macho. Hiyo si presha. Mwaka una wiki 52, kwa hiyo 6/52 katika mwandiko wa hospitali ni "baada ya wiki 6". Ingekuwa siku wangeandika chini 7, ingekuwa miezi wangeandika chini 12. Daktari wako alikuandikia urudi kuonwa baada ya wiki sita, na nina hakika kabla ya hiyo 6/52 kuna herufi B na P, yaani presha. Ulipokwenda kukaa kwenye lile benchi wiki ya saba ulikuwa unatimiza agizo lililokuwa limekaa kabatini kwako bila mtu kukusomea. Wewe hukukosea popote. Aliyekuruhusu alipaswa kukaa dakika mbili akuambie kwa Kiswahili, na wa mezani alipaswa kukuomba hiyo karatasi badala ya kadi ya mtoto.

Ngoja nami niseme la kwangu. Nilikuwa muuguzi mkunga zaidi ya miaka 30 huko milimani, na hilo swali la "mtoto yuko wapi" nimewahi kuliuliza kwa mdomo wangu. Yule mama alifungua kanga yake akanionyesha kifua kilicholowa, akafunga, akaondoka. Sikumfuata. Rejista iliyokuwa mbele yangu ilikuwa na mistari ya watoto: chanjo ya wiki ya 6, ya 10, ya 14, surua miezi 9, uzito kila mwezi. Mtoto akiwapo, mama anafika kliniki mara kumi na zaidi kwa mwaka na presha yake huenda isiguswe hata mara moja. Mtoto asipokuwapo, hafiki kabisa. Mwongozo wa huduma baada ya kujifungua unataka mama aonwe mara kadhaa hadi siku ya 42, mtoto awe hai au asiwe hai. Ila benchi ni la watoto, na mwanamke kama wewe anakaa juu yake kama aliyepotea njia.

Sasa mambo ya haraka. Kabla ya kitu chochote, pima mkojo ujue kama una mimba. Mwanamke asiyenyonyesha anaweza kushika mimba hata kabla ya wiki ya sita, na wewe una miezi saba bila njia yoyote. Naharakisha kwa sababu ya hiyo kaptoprili. Ni dawa halali ya presha, hutumiwa na watu wasio na mimba, lakini yenyewe na ndugu zake wanaoishia na "prili", enalaprili na lisinoprili, pamoja na losatani, hazifai kwa mjamzito. Zinaweza kudhuru figo za mtoto aliye tumboni na hata kumuua. Kijana wa duka la dawa alimuuzia mwanamke wa miaka 28 bila kuuliza kama anatafuta mtoto. Kipimo kikionyesha mimba, nenda hospitali siku hiyohiyo wakubadilishie. Zipo dawa za presha za wajawazito, metildopa na nifedipini zinajulikana kila hospitali. Kikionyesha huna, bado nenda wiki hii, na beba paketi yenyewe. Usiiache kimyakimya, na kumeza ukikumbuka nako hakusaidii. Presha haiendi kwa kumbukumbu.

Uende wapi? Si kwenye benchi lile, kama moyo hautaki. Nenda hospitali ya wilaya, mapokezi ya wagonjwa wa nje, ushike karatasi yako mkononi na useme hivi: "Mwezi wa pili nilipasuliwa kwa presha ya mimba, mtoto akafariki, mpaka leo presha haijashuka, naomba kuonwa na daktari." Usiseme "kichwa kinauma", utapewa panado urudi nyumbani. Ukipewa rufaa ya kwenda Mbeya mjini kwa daktari bingwa wa akina mama, usiione kama balaa. Nauli ya Tukuyu hadi mjini ni ndogo kuliko ile safari ya gari la wagonjwa.

Kwa nini nasisitiza daktari? Presha iliyoletwa na mimba kwa kawaida hushuka ndani ya wiki 12 baada ya kujifungua. Wewe una miezi saba, na namba zako zote mbili zimezidi 140 kwa 90. Hiyo si ile presha ya mimba tena. Yawezekana ulikuwa nayo kabla hujashika mimba na hakuna aliyeijua, maana nani alikupima ulipokuwa huna tumbo? Hapo ndipo penye jibu la swali lako la pili. Kliniki yenye kibao cha "mwanamke asiye na mimba" huioni popote, ila huduma zenyewe zipo, zimetawanyika: presha kwa daktari, njia ya uzazi wa mpango chumba kingine, mshono kwingine. Kazi ya kuziunganisha wameachiwa wanawake.

Ukipimwa presha, vua sweta. Najua baridi ya huko kwenu, na najua wauguzi wanavyofunga kile kitambaa juu ya sweta na juu ya kitenge ili foleni iende. Mkono uwe mtupu, umelala juu ya meza, umekaa dakika tano bila kuongea, miguu yote chini. Kama umetoka kupanda mlima na mkungu kichwani, waambie wasubiri. Namba za duka la dawa zimekuamsha, hiyo ni kazi nzuri, lakini matibabu ya miaka hayaanzishwi kwenye kaunta gulioni. Daktari atataka pia mkojo aangalie kama bado unapitisha protini, damu ya figo, sukari, wingi wa damu na kundi lako la damu. Ataomba kipimo cha kaswende na cha VVU. Cha VVU kisikuudhi. Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo mikoa inayoongoza nchini kwa maambukizi, kwa hiyo huku kwetu kila mtu hupimwa. Mwombe auguse na mshono wako. Miezi saba bila kutazamwa ni mingi.

Kuhusu wingi wa damu nina neno moja. Sisi watu wa Nyanda za Juu Kusini tunajisifu kwa chakula, na kweli viazi, mahindi na ndizi zinatoka hapa kulisha Dar es Salaam. Lakini utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wadogo wa Iringa wamedumaa. Stoo inajaa, sahani ni ya rangi moja. Ndizi na chai haviongezi damu, na chai ukinywa pamoja na chakula inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Kunywa chai saa moja baadaye. Maharage unayo, mboga za majani unazo, na usipa wa Kyela unauzwa hapo Kiwira. Ule na mifupa yake, ni kalsiamu hiyo. Chumvi punguza.

Naja kwenye swali kubwa. Shirika la Afya Duniani linashauri mwanamke aliyezaa mtoto hai akae angalau miezi 24 kabla ya kushika mimba nyingine. Mimba ikiharibika ndipo wanasema angalau miezi 6. Mama mkwe wako nadhani anakuweka katika kundi hilo la pili kwa sababu hakuna mtoto mkononi. Mwili wako uko kundi la kwanza. Mtoto alizaliwa, alipumua, na kizazi chako kilikatwa kikashonwa. Kovu hilo linahitaji muda, na mimba inayokuja mapema mno baada ya upasuaji huongeza hatari ya kizazi kuchanika wakati wa uchungu. Sikwambii miezi 24 kama geti lenye kufuli. Ninyi mmepoteza, moyo una haraka yake, na daktari akishakuona mnaweza kujadili tarehe. Ila leo, na presha ya 150 na kaptoprili mkobani, jibu langu ni bado.

Basi unahitaji njia. Ukiingia chumba cha uzazi wa mpango, ambapo kwenye vituo vya serikali huduma ni bure, neno la kwanza liwe "nina presha". Vile vidonge vya kawaida vyenye vichocheo viwili havifai kwa mwenye presha. Sindano ya miezi mitatu si chaguo langu kwako, maana ukiiacha uzazi unaweza kuchelewa kurudi miezi tisa, kumi, na hapo mama mkwe atapata la kusema. Kijiti kinatolewa siku yoyote utakayotaka. Kitanzi cha shaba hakina kichocheo kabisa, hakigusi presha, na siku ukikitoa mwezi unaofuata unaweza kushika mimba. Ningekuwa dada yako ningekushika mkono nikakupeleka kwenye kitanzi. Watakwambia kinapotea tumboni kikapanda mpaka kifuani. Nimeviweka vingi, sijawahi kukikuta kifuani kwa mtu.

Siku mkikubaliana na daktari kwamba ni wakati, anza foliki asidi kabla hujaacha njia, mikrogramu 400 kila siku, kwa sababu uti wa mgongo wa mtoto unafunga ndani ya wiki nne za kwanza, kabla wengi hawajajua kuwa wameshika. Ukikosa hedhi usingoje tumbo lionekane. Fika kliniki kabla ya wiki 12 ukiwa na karatasi yako, waambie kilichotokea, uliza habari ya aspirini ya miligramu 75. Kwa mwanamke aliyewahi kupata presha kali ya mimba huanza kama wiki ya 12, isivuke 20, nayo hupunguza uwezekano wa tatizo kujirudia. Haiondoi kabisa. Na usiinunue mwenyewe sasa hivi, haina kazi kabla ya mimba.

Mama mkwe. Sitaki umseme vibaya kwangu, na hukumsema, nimeliona hilo. Mwanamke wa umri wake aliyezalia Rungwe ya zamani, muulize siku moja mkiwa jikoni mnamenya ndizi: "Mama, wewe ulizika wangapi?" Halafu nyamaza. Huenda hakuna aliyewahi kumuuliza. Huenda hiyo haraka yake ndivyo alivyofundishwa yeye kufuta machozi. Lakini habari ya mwezi gani mtashika mimba ni ya mume wako kumwambia mama yake, wewe hiyo usiibebe. Na mume wako hawezi kusema asilolijua. Mwambie leo juu ya kichwa, juu ya 150, juu ya vidonge. Kisha aende nawe kwa daktari, pikipiki anayo. Aione namba kwenye mashine kwa macho yake. Wanaume wengi wanaosema "Mungu atajalia" huwa wanaogopa, basi. Naye alikuwa nje ya kile kioo. Akitoka huko atakuwa na maneno mepesi ya kumwambia mama: "Daktari amesema mwaka huu tunatibu presha." Mama mkwe anaweza kubishana na wewe, na presha ya daktari atabishana nayo kidogo tu.

Hukuniambia kama unalala. Ukijikuta usiku macho kodo, au chakula hakipiti, au yamekujia mawazo ya kujidhuru, liseme hilo kwa daktari katika siku hiyohiyo, kwa sauti uliyotumia kusema presha. Nalo linatibiwa.

Vile vimulimuli vikirudi, au kichwa kikapasuka kwa maumivu, au kifua kikabana, usingoje siku ya gulio. Ondoka saa hiyo.

Na hiyo karatasi usiirudishe kabatini. Itolee nakala mbili mjini Tukuyu, moja akae nayo mume wako, yako itie kwenye mfuko wa nailoni ndani ya mkoba, maana mvua ya kwenu naijua.